Fedha za Elia

Jumatatu, 3 Novemba
Dawa nimemeza, uji umenishinda. Niandike nililoficha: fedha tunazotumia nyumbani hazitoki kwa Elia, mwanetu aliye ng'ambo. Ni zangu. Natafsiri miongozo ya kilimo kwa kampuni ya ng'ambo, nao hulipa kwa mtandao. Huduma wanayotumia haimruhusu mtu wa Tanzania kupokea. Ukiwa hapa unaweza kulipa, huwezi kulipwa. Zamani, alipokuwa bado anatuandikia, Elia alinifungulia akaunti kwa jina lake na anwani yake ya huko, akanitumia kadi ya kutolea fedha. Mama yake aliona jina la mwanawe kwenye kadi, akadhani ndiye anayetutumia fedha, akamshukuru Mungu. Sikumsahihisha. Imekuwa hivyo miaka yote.

Alhamisi, 6 Novemba
Hospitali, Nkoaranga. Daktari hakuzungusha maneno. Moyo umechoka, nipange mambo yangu.
Nikateremka mjini hadi Levolosi, kwa Mama Nai mwenye duka la intaneti. Nikawaandikia wenye huduma ukweli wote: mimi ni baba, naishi Tanzania, akaunti naitumia mimi. Nilitaka kufa na anwani ya kweli.
Mama Nai alisoma nyuma ya bega langu. "Shikamoo tena, Mwalimu. Hao hawaambiwi uko Bongo. Utajifungia mlango ukiwa nje."
Nikatuma. Kiburi cha mwalimu.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya ibada, mnada wa sadaka. Nilikaa kwenye benchi. Mzee wa kanisa akainua jogoo. "Nani atamshinda Elia wa ng'ambo? Au mnamwogopa?"
Mama Elia akanunua kwa jina la mwanawe, akamzawadia mchungaji. Makofi. Jirani akamwambia, "Wewe hutazeeka, una mtoto."
Niliona aibu. Niliona na wivu. Kumwonea wivu mwanangu kwa jasho langu mwenyewe.

Jumanne, 11 Novemba
Akaunti imefungwa. Wanataka picha ya Elia ameshika kitambulisho chake. Mashine ya benki imeikataa kadi.
Mama Elia aliuliza mbona mwezi huu kimya. Nikasema labda mtandao unasumbua. Uongo mwepesi, umezoea kinywa changu.

Ijumaa, 14 Novemba
Mama Elia hali chakula. Anasema Elia hajawahi kuruka mwezi, kwa hiyo ni mgonjwa au amekufa. Amekwenda kwa mchungaji kuomba usharika umwombee Jumapili. Wanawake wa jumuiya wamekuja kukaa naye, wanaongea kwa sauti ya chini kama kwenye msiba. Mmoja ameanza kumpa pole.
Nilitaka kuondoka nikiwa safi. Nimemuua mtoto wake akiwa hai. Au sijui kama yu hai.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimemwambia. Alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori. Nilieleza yote, kazi, akaunti, kadi. Hakulia. Alijifuta utomvu mikononi, polepole, kidole kwa kidole.
"Kwa hiyo mtoto haumwi?"
"Sijui."
"Baba Elia. Sasa wewe unajua nini?"
Kisha akauliza kwa nini basi mtoto aliacha kuandika. Akakaa kwenye kigoda akisubiri. Maji yalikuwa yanachemka.
Nikamwambia na hilo. Likizo yake ya mwisho Elia alinishauri ning'oe mibuni, bei imeanguka, tupande nyanya. Mibuni ya baba yangu. Nilimsindikiza hadi njia panda ya Akheri, na mama yake akaamini nimekwenda kumwombea safari njema. Sikumwombea. Nilimwambia asirudi tena, hata kunizika.