Kilichochelewesha Sauti Yako

Redempta Steshenari,
S.L.P. 27,
Hedaru, Same.
17 Juni 2025

Mpendwa kaka Erasmo,

Shikamoo kaka. Kifua kinaendeleaje? Jumamosi nilikusikia ukikohoa, na sikupenda kabisa kikohozi kile. Hebu vaa nguo nzito, acha ubishi wa kusema umeshazoea baridi ya Poland. Hata wenyeji wa huko wanavaa makoti.

Sisi huku ni wazima. Mama goti lake limetulia tangu aache kubeba ndoo. Kule nyumbani Vudee ukungu hautoki mpaka saa nne asubuhi, na tangawizi ya mwaka huu imekubali. Mama amekutumia ya kusaga, pamoja na sweta alilofuma mwenyewe. Mkono mmoja umezidi mwingine kidogo, lakini ukimwambia tutakosana.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati tunaongea kila wiki kwenye gemu letu la kuendesha malori. Nimejaribu kukuandikia ujumbe wa simu mara tatu nikafuta. Najua ukiupata utanipigia hapohapo, na mimi nitaanza kulia kabla sijakueleza lolote. Kwenye gemu ndiko siwezi kabisa, na utaona sababu. Ndiyo maana barua hii inakuja na Evance, yule mtoto wa mwalimu, anayerudi chuoni huko Ijumaa.

Sasa kaa chini. Kama una sufuria motoni, zima moto kwanza.

Unakumbuka tulivyohangaika na ile kompyuta ya dukani. Lori lako linagandaganda kwenye kioo changu, na sauti inafika wakati mambo yameshaharibika. Mimi utingo wako nakwambia kona iko kulia, wewe unaisikia tukiwa tayari mtaroni matairi juu. Ukanambia nishushe ubora wa picha, nikashusha mpaka miti ikawa kama mifagio. Ukanambia niachane na hedifoni zisizo na waya, nikanunua za waya. Nikavuta waya wa intaneti kutoka kwenye dari hadi kwenye kompyuta. Tukahama seva, nikafunga programu zote, nikafungua boksi nikapuliza vumbi, nikapiga chafya siku mbili. Sauti ikabaki vilevile, inakuja baada ya sekunde nne, tano.

Alhamisi iliyopita nikasalimu amri, nikamwita Husna, fundi wa kompyuta kutoka Same mjini. Hakugusa bisibisi. Alifungua tu orodha ya vitu vinavyokula nguvu za kompyuta, akatazama, kisha akageuka.

"Dada, hiki kipindi chako cha Jumamosi unakirushia nini?"

"Kipindi gani?"

"Hiki hapa. Kila ukifungua gemu, kompyuta inarusha mubashara. Picha, sauti yako, na ya huyo unayeongea naye. Ndiyo maana imeelemewa. Kukuchezesha ni kazi, na kukurusha duniani ni kazi nyingine."

Kaka, nilishikwa na butwaa. Nilimwambia Husna amekosea kompyuta. Akanionyesha. Jina la ukurasa ni Redempta Steshenari, Hedaru. Tumerushwa Jumamosi kumi na saba, kuanzia tarehe 15 Februari, na wiki iliyopita watu sitini na watatu walitutazama. Watu sitini na watatu! Ibada ya katikati ya wiki haipati watu hao. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikaomba maji.

Kosa ni langu. Unaikumbuka siku ile lori lilikuwa linaganda kidogo tu, ukanambia nirekodi nikutumie uone? Kitufe cha kurekodi na cha kurusha vimepakana. Nikabonyeza cha jirani. Kompyuta ikauliza kama irushe kila ninapocheza, nikakubali, kwa sababu mimi kompyuta ikiniuliza kitu chochote nakubali ili iniache. Kwa hiyo katika kutibu kile kikohozi kidogo nikaipa kompyuta homa ya mapafu, halafu kwa miezi minne tukawa tunapuliza vumbi.

Husna alizima, akaenda zake. Mimi nikabaki nahesabu tuliyoyasema. Nilivyomuiga mjomba Benedikto anavyokoroma kanisani. Ulivyosema kuhusu harusi ya binamu yetu na lile keki lililoanguka. Nilikuwa nacheka na kuona aibu peke yangu pale dukani, kisha nikaikumbuka tarehe 10 Mei, na kicheko kikanikauka.

Siku ile ulinibembeleza niendeshe. Ukasema nimekuwa utingo miezi na miezi, nishike usukani japo kwenye mteremko mmoja. Nikakataa, ukazidi kunitania, mpaka nikakwambia nilishaangusha lori moja maishani na linanitosha. Hapo tukayasema yote, kaka, kwa mara ya kwanza katika miaka minane. Kwamba mwaka 2017, kwenye mteremko wa kutoka Vudee, lori la baba limejaa tangawizi, aliyekuwa kwenye usukani ni mimi. Kwamba nilikuomba mpaka ukanipisha. Kwamba niling'ang'ania breki badala ya kushusha gia, zikaungua, lori likalala ubavu. Kwamba tulipotambaa nje ukanambia, wewe ulikuwa utingo, umesikia? Ukaenda mwenyewe kwa baba ukasema ni wewe.

Na baba akakuambia huna mikono ya kushika chombo chake, uondoke, na jina lako lisitajwe nyumbani kwake. Mimi nikanyamaza, nikaenda chuo, nikafungua duka. Nimekula chakula kwenye meza ile miaka minane kiti chako kikiwa kimegeuzwa ukutani. Sijawahi kuyaandika haya popote. Nayaandika leo kwa sababu watu wengi wameshayasikia na haina maana tena niyaogope kwenye karatasi.

Jumamosi hii, tarehe 14, ulifurahi mwenyewe. Sauti ilikuwa inafika papo kwa papo, lori linateleza kama limepakwa mafuta, ukapiga kelele kwamba hatimaye nimepata fundi wa kweli. Mimi nilikuwa najibu kwa mkato, ukaniuliza kama naumwa. Haikupita nusu saa, mlango wa duka ukagongwa, nikazima maiki. Alikuwa Nassoro, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mashine ya kunyolea bado mkononi.

"Dada Redempta, leo vipi, mbona hamjaingia hewani? Madereva wamejaa kule wanalalamika."

"Nassoro, na wewe unatutazama?"

"Mimi? Saluni nzima! Tunawaweka kwenye televisheni kila Jumamosi. Jina la duka lako lipo pale, sisi tulijua ni kipindi chako." Kisha akashusha sauti. "Nisingekuja. Mzee alishanikataza nisikwambie kitu. Lakini leo anahangaika, ameniuliza mara nne kama televisheni imeharibika."

"Mzee gani?"

Akanishangaa. "Mzee Tumainieli. Baba yako."

Kaka, baba yetu! Nilishika meza. Nikaona Jumamosi zote zile, baba anashuka na gari la Vudee amevaa shati lililopigwa pasi, anasema anakwenda Hedaru kunyoa. Mama anampa nauli, mimi namwandalia chai akifika. Baba ana nywele gani za kunyolewa kila wiki? Kichwa chake unakijua, kinang'aa kuliko sinia. Na sisi wote tuliona sawa tu.

Hapo ndipo nilipokwambia nakwenda kunywa maji, ukalalamika kwamba utingo wako ameshuka njiani na lori liko kileleni. Naomba radhi. Kabla sijatoka nilibonyeza kile kitufe nikawasha tena. Hata sikufikiri, vidole vilikwenda vyenyewe.

Nilivuka barabara nikasimama mlangoni pa saluni, nyuma yao. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea, kitambaa kimefungwa shingoni, hakuna anayemnyoa. Kwenye televisheni lori lako lilikuwa linaanza kushuka ule mlima wenye kona saba, na sauti yako inanitafuta, "Redempta, upo? Haya, nashuka peke yangu." Nikaona kitambaa kinacheza. Mguu wa kushoto wa baba ulikuwa unakanyaga klachi. Hakuna klachi pale, kaka, kuna sakafu tu yenye nywele za watu. Na mkono wake ulikuwa chini, pembeni ya kiti, unatafuta gia.

"Shusha gia, Erasmo," akasema polepole. "Usiguse breki. Shusha. Ee. Shusha tena."

Na wewe ukashusha. Injini ikanguruma, lori likatulia, likaingia kona ya kwanza taratibu. Baba akatikisa kichwa, akamwambia dereva aliyekaa karibu naye, "Huyu anashuka kwa gia tangu Februari. Hajaunguza breki hata siku moja."

Amelitaja jina lako. Nililisikia kwa masikio yangu haya mawili. Nilitaka kukimbia nirudi dukani, lakini Nassoro alikuwa nyuma yangu ameziba mlango, na baba akaniona kwenye kioo.

Hakugeuka. Tukatazamana mle kiooni. Nikasema shikamoo baba, akaitika marahaba. Madereva wakaanza kutazama viatu vyao, maana wote wanajua, wote waliyasikia ya tarehe 10 Mei. Na mimi nikaelewa kwa nini siku ile jioni baba alikuja dukani, akanunua kalamu moja asiyokuwa na kazi nayo, akasimama akinitazama, kisha akaondoka. Nilidhani uzee umeanza.

"Ulikuwa na umri gani mwaka ule?" akaniuliza.

"Kumi na tisa, baba."

"Mdogo," akasema. Akalitazama lori mpaka likamaliza kona. "Na yeye?"

"Ishirini na mbili."

Alifuta uso kwa kile kitambaa cha kunyolea, kila mtu akajifanya hakuona. Ulipofika bondeni salama wakapiga makofi, akavua kitambaa, akanisogelea akanambia, "Usimwambie kama huwa nipo hapa. Atajua namtazama, ataendesha kwa woga." Kisha akaenda kuwahi gari, na hakuwa amenyolewa.

Niliporudi kwenye kompyuta uliniambia sauti imeanza tena kuchelewa na nimrudishe yule fundi. Nikakudanganya kwamba ni mtandao. Sasa unajua. Nimeficha jambo mara moja kwa ajili yangu, na hii ya pili ni kwa ajili ya baba, lakini naikatisha leo, hata kama amenikataza. Nimeona haya miaka minane. Uliubeba mzigo wangu ukavuka nao bahari, na hujawahi kunidai hata neno la asante. Nisamehe, kaka. Jumapili baada ya ibada nilipanda Vudee nikawaambia baba na mama kwa mdomo wangu, si kwa televisheni ya Nassoro. Mama alilia sana. Baba alinyanyuka akakigeuza kiti chako kikatazama meza, akakaa tena, akaomba chumvi.

Mama anakusalimu mno, anauliza kama sweta linatosha. Nassoro na madereva wote wanakusalimu, wanasema kona ya tano unaiingia kwa papara. Husna naye anakusalimu, hajui kabisa alichokifungua. Mjomba Benedikto hakusalimu. Amesikia nilivyomuiga.

Jumamosi ya tarehe 21 barua hii itakuwa haijakufikia. Tutacheza kama kawaida na mimi nitajikaza. Sitazima kile kitufe, kwa hiyo utavumilia picha kuganda na mimi kukutupa mtaroni.

Lakini tarehe 28 utakuwa umeshasoma. Siku hiyo, saa kumi ya huku, kabla hujawasha lori, naomba useme neno moja tu, "Shikamoo baba." Mimi nitaondoka kwenye kiti. Mlango wa duka nitauacha wazi na hedifoni nitaziweka juu ya meza.

Ukishasema, usiongeze kitu, na usidhani mtandao umekatika. Subiri tu. Sauti yako inachelewa kufika, na baba akishaisikia ana barabara ya kuvuka.

Mungu akuponye kifua, akulindie mikono hiyo.

Mimi mdogo wako nikupendaye, utingo wako,

Redempta