Kamusi Imekamilika

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu wa gazeti letu amebandika chati nyuma ya mlango wa choo, tuisome tukiwa tumetulia. Mistari myekundu ya wiki iliyopita: 1,912. Programu mpya ya tahajia haichapishi habari yenye hata mstari mmoja. Kitufe kinabaki kijivu, ukibembeleze usikibembeleze. Na neno lisilomo kwenye kamusi yake ni kosa. Hata "shemeji" lilikuwa kosa hadi nilipoliingiza mimi. Ndiyo kazi yangu: kuthibitisha maneno, moja moja. Nywila ninayo peke yangu. Mkataba unasema nitakaa "hadi kamusi itakapokamilika". Nani aliwahi kukamilisha kamusi? Nilitia saini nikicheka moyoni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempeleka mama kliniki ya macho. Kabla sijatoka, mwandishi wa michezo — tunamwita Chapuchapu — aliuliza wafanyeje na vitufe vya kijivu mpaka nirudi. Nikamwandikia nywila kwenye kikaratasi. Asubuhi moja tu, nikamwambia. Akasema, "Dada, mimi kaburi."

Matone kila siku, miezi sita. Daktari kamkataza kusoma. Mama kamwuliza, basi umbea atasomewa na nani?

Jumatano, 12 Juni

Mistari: 204. Na mimi wiki hii sijaingiza hata maneno hamsini. Mkuu kanipa mkono mbele ya watu. Nikasema asante. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 14 Juni

Sifuri.

Mkuu ameizungushia kalamu ya kijani. Kaniita: hongera, kamusi imekamilika, Ijumaa ijayo nikabidhi kiti. Alitabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

Nikaenda meza ya Chapuchapu. Kaburi lina madirisha! Kikaratasi changu kimebandikwa kwenye skrini yake, kimenakiliwa meza sita. Saa ya kuchapisha ikifika hawasahihishi. Wanabonyeza "Ongeza" juu ya kila chekundu, kosa linakuwa neno, kitufe kinafunguka. Mashine haina kinyongo. Maneno elfu mbili, nusu yake vidole vilivyoteleza.

Nikisema, kazi ninayo — kufagia mwaka mzima. Nikisema, nitaulizwa pia nywila ilitokaje.

Nimekunywa maji. Sijasema.

Jumatatu, 17 Juni

Amekuja mama mmoja, mjane, na simu mkononi. Tanzia ya mumewe tuliichapisha Jumamosi. Jina la marehemu limeandikwa kwa namna tatu, na zote tatu mashine imezikubali. Hakufoka. Aliuliza tu:

"Sasa mwanangu, niliyemzika ni yupi kati ya hawa?"

Chapuchapu aliangalia viatu vyake. Mkuu alisema programu ile ni ya kisasa. Nikarekebisha mwenyewe, mjane kasimama nyuma yangu, mkono begani pangu. Alipotoka aliniombea heri. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 18 Juni

Nimemwambia Mkuu nusu. Kwamba kamusi imechafuka, siwezi kuikabidhi hivi. Nikamwonyesha maneno ishirini. Alivuta kiti, akayafuata yote ishirini kwa kidole. Kisha akasema mkataba utaongezwa mwaka, maana nani mwingine ataisafisha? Nikahesabu matone ya mama. Nikapumua.

Ndipo akauliza kama programu haiandiki jina la aliyeongeza kila neno.

Inaandika. Ni safu ya mwisho. Nilikuwa nimeificha.

"Basi nichapie orodha nzima," akasema, "na hiyo safu. Huyo mtu leo atanitambua."

Ninaandika haya kando ya printa. Kurasa sitini na mbili. Zimetoka kumi na tisa. Jina langu, jina langu, jina langu, mpaka chini. Chapuchapu amekuja kunong'ona: eti yuko tayari kukiri, ila nimwandikie cha kusema. Nimemwambia arudi akakae.

Printa imesimama. Inaomba karatasi.

Mkuu anauliza kutoka ofisini kwake kama karatasi zimekwisha.

Rimu nzima iko hapa, miguuni pangu.