Dhamana ya Simu ya Mama

Tlawi, 6 Oktoba 2025

Mwanangu Modest,

Hujambo? Habari za Katesh? Huku wazima, ila mguu wangu bado unasumbua.

Simu imezima tangu juzi. Nimeichaji kwa jirani mpaka ikapata moto, wapi. Nimempa Joakimu wa lori la viazi akuletee. Siku ya kuinunua ulipoongeza elfu thelathini za dhamana ya mwaka wa pili nilikusema sana kwamba unatupa hela. Haya, umenishinda. Waambie watengeneze. Zile sauti saba alizonitumia kaka yako Tito zimo humo, na tangu tope lililoporomoka mlimani kule Jorodom limchukue sina kingine chake cha kusikiliza. Fanya haraka, baba.

Mama yako, Agatha

Katesh, 7 Oktoba

Shikamoo mama,

Pole na mguu. Mimi mzima.

Simu imefika. Dukani hawatengenezi, wanabadilisha: unapewa mpya ya aina ileile, mbovu inabaki kwao. Hadiya wa kaunta amesoma karatasi yetu, dhamana inaisha Jumamosi. Na mimi keshokutwa naenda Basotu kupakia vitunguu, siku nne, na huko hakuna mtandao. Kwa hiyo kesho asubuhi nabadilisha.

Usihofu kuhusu Tito. Laini nimeshaitoa, nimeikunja kwenye karatasi. Ukiiweka kwenye simu mpya utamsikia kama kawaida. Umeona elfu thelathini zilivyofanya kazi?

Mwanao, Modest

Tlawi, 9 Oktoba

Modest,

Salamu baadaye. Usibadilishe! Mwalimu Letisia amesoma barua yako, anasema kwenye laini kuna namba tu, sauti zinakaa ndani ya simu yenyewe. Amekupigia mara nne, hupatikani. Mwambie huyo Hadiya simu mpya sitaki, abaki nayo. Anirudishie yangu hivyohivyo ilivyokufa, nitatafuta fundi hata Arusha. Mwanangu, kimbia. Kazi hazifanyiki hapa, natoka tu kuangalia barabara.

Mama

Katesh, 14 Oktoba

Shikamoo mama,

Barua yako nimeikuta jana chini ya mlango. Nilikuwa nimeshabadilisha.

Leo nimefika dukani kabla hawajafungua. Hadiya akanionyesha nilipotia sahihi. Simu mbovu zilikwenda Arusha Ijumaa. Akawapigia mbele yangu, wakasema zimeshavunjwa. Hakunijibu vibaya, alinipa hata kiti, ila sikuweza kukaa.

Dhamana niliitaka mimi, sahihi nimeweka mimi. Sijui nikuombe vipi msamaha. Simu mpya anayo Joakimu, laini yako imo. Nipigie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao, Modest

Tlawi, 24 Oktoba

Modest,

Marahaba. Mguu ni uleule.

Simu ni nzuri, kioo kinang'aa. Walichoahidi wametoa, sina neno nao. Wewe ndiye nilikukasirikia. Siku zote hizi nakuona unapiga, naiacha iite mpaka inyamaze.

Jana nilipokea. Ukasema, "Mama, upo?" nikakata. Najua umeumia, lakini haikuwa hasira. Nilimsikia Tito. Sauti zenu ni moja, mlipokuwa wadogo mkiniita kutoka zizini ilibidi niulize ni nani. Sijui nilisahau vipi. Nimelia, nikainuka, nikakaa tena, chakula kimeungua.

Barua hii ikifika, piga. Niite kama jana, na usitaje jina lako haraka.

Mama yenu, Agatha