Ardhi Waliyopewa Walioachwa Huru

Stafford, Houston

Kwako Mama mpenzi,

Pokea shikamoo yangu. Mimi ni mzima wa mwili. Hofu ni kwako, unayelala mkekani na kina shangazi kando ya kaburi mlilomchimbia Baba, mkililinda ili yule tajiri anayedai ardhi yetu asije akalifukia. Miguu bado inavimba? Naandika kwa sababu kwenye simu ungenikata kauli. Jackie, anayekuja nyumbani, atakupa barua hii mkononi.

Kwanza nikueleze habari za Bi Lurline, ajuza ninayemuuguza hapa. Ni Mmarekani mweusi, na ulimi wake mkali kushinda wako. Uji wangu anauita dawa ya kufukuza wageni. Nilipomsimulia kwamba mababu zetu walipotolewa utumwani walipewa ardhi hapo Mombasa, na leo mahakamani tunaitwa maskwota, wavamizi wasio na hati, hakushangaa. Alisema wazee wake nao walipewa na serikali, huko pwani ya Georgia, utumwa ulipokomeshwa. Walilima, wakazikana humo. Halafu serikali ile ile ikawarudishia mabwana ardhi, na wao wakafukuzwa.

Mwezi jana wajukuu wake walitupeleka huko kwa gari. Pamezungushiwa ukuta, ndani kuna uwanja wa gofu. Askari wa getini alituambia makaburi yapo, ila siku ya kuyazuru si leo. Bi Lurline alimwomba, akamwomba tena. Yule askari alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionikata maini. Tukageuza gari.

Mama, Baba yuko mochari tangu Krismasi kwa sababu tunaamini tukimzika pale, ardhi itabaki yetu. Mimi nimeona watu wenye makaburi na ardhi hawana. Tutampigia hodi nani tukitaka kumpalilia Baba?

Basi nikuambie. Kesi ya kuomba Baba azikwe pale iko kwa jina langu, mimi kifungua mimba wako. Juzi nilimpigia wakili nikamwambia aiondoe. Mdogo wangu Isack ameshapata nafasi makaburi ya umma, na mimi ndiye niliyemkataza kukuambia. Nimelia mpaka nimechoka. Tulishindwa zamani, Mama, kabla hata hujazaliwa.

Wasalimie kina shangazi, uwaambie wakunje mikeka. Ukinikasirikia, usinizimie simu. Nipigie unitukane, nisikie sauti yako.

Ni mimi mwanao,
Glory