Gereza la Lisbon

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mkunazini hatujambo. Mama yako anapaka chokaa ukuta wa uani, na mimi nshainuka mara tatu tangu nianze barua hii, sijui natafuta nini.

Umeuliza kama na mimi niliogopa kutoka hotelini, nilipokuja mkutano wa wakunga huko huko Lisbon uliko leo. Niliogopa. Siku ya pili nikapotea. Nilimwonyesha bibi mmoja karatasi yenye jina la hoteli, akanyoosha kidole kilimani, akasema neno ambalo mimi nililisikia "gereza". Nikakaza mtandio wangu, nikashika njia nyengine mbio mbio. Nilizunguka mpaka alasiri, na kila niliyemuuliza alinielekeza kule kule: gereza.

Mwisho muuza samaki, mwanamke mtu mzima, akanishika mkono akanipeleka mwenyewe. Njia nzima nilikuwa nikitazama pa kukimbilia. Tukatokea mbele ya kanisa. Kumbe kwao neno lile, igreja, maana yake ni kanisa. Sisi tulilichukua kwao tukalifanya kifungo. Hoteli ilikuwa nyuma yake, hatua chache tu.

Tangu hapo, nikipita ile ngome yetu ya Forodhani tunayoiita Gereza, miguu husita. Najiuliza ni mangapi mengine niliyoyakimbia kwa kusikia jina tu.

Kanisa lile mimi niliishia ngazini. Toka leo, mwanangu, ukanitazamie ndani mna nini.

Bibi yako,
Bi Salma