Jogoo wa Sadaka Amerudi kwa Mwenyewe

Mshauri mpendwa,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, watu ndio huja kwangu, ila leo naomba. Siku hizi za ruksa magazeti yamekuwa mengi, nimechagua lenu, shukuruni. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Oldonyo Sambu, bati la kwanza kijijini lilipanda kwangu, shule niliishia darasa la pili lakini Neno nalijua kuliko hao vijana wa chuo cha uchungaji Makumira wanaokuja na miwani, na baada ya ibada mimi ndiye ninayenadi sadaka maana sauti yangu inafika hadi barabarani.

Sasa Jumapili ya Mavuno nilikuwa sijaandaa kitu na mzee wa kanisa hawezi kwenda mikono mitupu, na jogoo wa jirani yangu Naisiae, mjane, alikuwa kwenye maharage yangu anachakura kama kawaida yake, nikamkamata, nikamfunga miguu, nikamtoa sadaka madhabahuni kwa imani kabisa. Kwenye mnada Naisiae akaniuliza mbele za watu, "Mzee, huyu ametoka wapi?" Nikamjibu, "Ametoka kwa Bwana!" Watu wakasema amina. Basi akapandisha bei kuwashinda wote, akamkumbatia jogoo, akaenda naye.

Hebu niambie kosa liko wapi, jogoo yuko bandani kwake, kanisa limepata, na mimi nimetoa. Mchungaji mwenyewe alihubiri tunaokolewa kwa imani wala si kwa matendo, na kukamata kuku ni tendo, kwa hiyo halihesabiki. Lakini mke wangu Namnyaki akasema, "Baba Lengai, nenda ukatubu kwa Naisiae, mimi simpikii mwizi anayeimba kwaya," akabeba khanga zake akaenda kwa mwanetu anayeishi Sombetini mjini, na mimi ugali unaniungua kila siku. Naisiae hajanishtaki popote, tena ananiamkia, "Shikamoo mzee, jogoo wa Bwana hajambo." Na huyo jogoo anawika upande wa dirisha langu.

Nishauri namna ya kumrudisha mke bila kutubu, maana imani ninayo nyingi.

Mzee Solomoni Lesikar,
Oldonyo Sambu

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa ugali. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikamwona mjane ananunua kuku wake mwenyewe, na aliyemwibia anampigia kelele aongeze bei.

Unasema unayo imani. Kwa Mungu yupi, huyo asiyemjua jogoo wa Naisiae? Imani inayoshindwa kuvuka ua wa jirani ni sauti tu, na sauti hatubishi unayo. Mchungaji hakukosea, msamaha hutolewa bure. Ila mkono wa kuupokea lazima kwanza umwachie kuku wa watu.

Usimtume mtu. Kamata jogoo, safari hii wako mwenyewe, chukua na fedha aliyolipa, nenda kwa Naisiae mchana watu wakiona, useme: "Nilikuibia, tena nikamsingizia Bwana. Nisamehe." Hotuba usiongeze. Jumapili, mbele ya wale wale waliosema amina, tangaza jogoo alikotoka, kwa sauti ile ile ya mnada.

Namnyaki usimfuate. Habari itafika Sombetini kabla yako.

Na kuhusu kuwika: mtume mmoja alisikia jogoo, akatoka nje akalia, na kanisa linamkumbuka hadi leo. Wewe umesikia, ukaandika gazetini. Kesho akiwika, mzee wangu, vaa viatu.