Mbio Zilizokatiza Mazishi ya Mama Nyemo

Makutupora, Dodoma

Baba yangu, shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuuma na presha ya mama imetulia. Mimi mwili ni mzima na kazi ya kupogoa mizabibu inaendelea, ila moyo umechafuka. Najua Zainabu ndiye atakayekusomea, basi asiruke kitu.

Amenipigia simu mdogo wangu huyo, anasema umewaonyesha majirani wote picha yangu inayozunguka kwenye simu, nimesimama kando ya barabara na wanawake wenzangu, kanga tumezipeperusha, na chini pameandikwa kuwa wenyeji walishangilia magari. Umefurahi kwamba mwanao ameyaona mashindano ya magari kama wewe ulivyoyaona utotoni, babu alipokuwa kibarua wa barabara hapa. Baba, hatukuwa tunashangilia. Tulikuwa tunapunga vumbi lisitue kwenye jeneza.

Mama Nyemo, mwenye nyumba wangu, amefariki. Ndiye aliyenipikia uji wa kufuturu Ramadhani nzima ingawa yeye ni mtu wa kanisani, na nilipougua homa alinilaza kitandani kwake. Alikufa Ijumaa, mazishi yakapangwa Jumamosi mchana. Makaburi yako ng'ambo ya barabara, na Jumamosi hiyohiyo wenye magari ya zamani walikuja kukimbizana ili kuyakumbuka yale mashindano ya kabla ya Uhuru. Walifunga kamba kando ya lami na kando ya ile njia ya vumbi inayopita mashambani, wakawa wanazunguka humo tangu asubuhi. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyewakubalia. Alipopelekewa habari za msiba alisema tusiwe na wasiwasi, gari gani litaona jeneza likakosa kusimama?

Nasi tukaona ni kweli. Hapa hata lori la ng'ombe likikutana na msiba linasogea pembeni na dereva anazima redio. Hakuna aliyewaza kwamba maiti anaombewa ruhusa ya kuvuka barabara.

Tulipofika kwenye kamba, mlinzi aliyevaa kizibao cha njano alitwambia tusubiri mbio ziishe. Mchungaji alimweleza kwa upole, akajibu kuwa yeye ametumwa tu. Jua la saa nane la huku unalijua mwenyewe. Wabebaji walichoka, tukaliweka jeneza juu ya makreti ya zabibu kama mzigo unaosubiri usafiri. Kila gari likipita linatumwagia vumbi lililotoka nalo mashambani. Tukavua kanga za mabegani, tukawa tunapunga huku tunaimba. Dereva mmoja akatupungia mkono na kutupigia honi, akidhani tumekuja kwa ajili yake. Hapo ndipo tulipopigwa picha.

Ulizoea kutuhadithia kwamba enzi hizo askari waliwachutamisha watu pembeni ili magari ya Wazungu yapite, ukawa unacheka, na sisi tukicheka nawe. Safari hii kamba imefungwa kwa ruhusa ya mwenyekiti tuliyempigia kura wenyewe. Sijaona cha kuchekesha, baba, na nakuomba usiwasimulie tena wajukuu kwa kicheko.

Mume wa marehemu, Mzee Chibago, akaiinua kamba, akapita chini yake, akasimama katikati ya barabara.

"Mleteni mke wangu," akasema.

Tukaingia wote. Gari la kwanza lilifunga breki likasimama karibu kabisa, na dereva wake akatupigia honi mpaka tukamaliza kuvuka. Wa gari la pili alishuka, akavua helmeti, akainamisha kichwa. Huyo simsemi vibaya. Tulimzika Mama Nyemo, Mungu amrehemu, lakini jeneza lake liliingia kaburini jekundu kwa vumbi, na hilo halinitoki.

Sasa sikia lililofuata. Matanga hayajaanuliwa, mwenyekiti akaja na watu wawili wa kamati ya mashindano. Akasimama mlangoni, akasema wageni wamechukia mbio zao kuharibiwa, hivyo ingefaa Mzee Chibago awaombe radhi. Nilitaka kuinuka nimwambie maneno ambayo hukunilea niyaseme. Dada wa marehemu akanibana mkono.

Mzee Chibago hakupandisha sauti. "Kaa kwanza, mwenyekiti," akamwambia. "Hujatupa pole."

Mwenyekiti akawatazama wageni wake, akautazama mkeka. Hakukaa. Wakaondoka hivyohivyo.

Nisalimie mama, nisalimie shangazi mwenye duka la nguo, na mjomba Idi fundi baiskeli, mwambie uji wa huku bado sijauzoea. Zainabu asome kwa bidii. Na uwaambie wote hapo nyumbani kwamba huku nilipo kuna msiba. Nitumie pole zao, nitampelekea mzee mwenyewe, maana pole ya mwenyekiti wake hajaipata mpaka leo.

Ni mimi mwanao mwenye hasira,
Mwajuma